Abaayo, Poda ya Rangi Yetu

Mpendwa abaayo Ubah, dada yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ndiye mwalimu wake nyumbani kwetu, na kwa sababu kwenye simu maneno haya hayanitoki. Tukipigiana tunaulizana hali ya hooyo, mama yetu, kama mvua imenyesha, kama wanafunzi wako huko Banissa wamerudi wote baada ya likizo, halafu mtandao unakatika kabla sijafika nilikotaka kufika. Ukiona nimekosea ngeli, tia wino mwekundu kama kawaida yako.

Unakumbuka nilivyoanza kusoma habari? Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati, chenye kamera moja, taa mbili kali, na feni ambayo ilibidi tuizime kwa sababu ya kelele yake. Habari zilisomwa saa saba mchana, na wewe unaijua Garissa ya saa saba mchana. Kabla sijamaliza habari ya kwanza, paji langu la uso na pua vilikuwa vimeshaanza kutoa mafuta kama sambusa iliyotolewa karaini sasa hivi. Watu wakaacha kuandika maoni kuhusu bei ya ng'ombe na barabara ya Ijara, wakaandika kuhusu uso wangu. Mmoja aliomba nipewe kitambaa.

Mutua, mhariri wetu, akaniita kando. "Bwana Dahir, sauti unayo," akasema. "Lakini wiki ijayo nikiona mng'ao ule ule, nitakutoa mbele ya kamera. Utasoma tu, watu waoneshwe picha."

Nikaona aibu kumwambia mtu yeyote. Nikachukua poda ya mtoto wa jirani, nikajipaka, nikaenda kusoma. Siku hiyo mtazamaji mmoja aliuliza kama nimetoka kuchimba kaburi. Wewe uliiona video hiyo kwenye chumba cha walimu, ukaja nyumbani na vitabu vya insha vikiwa bado kwapani. Hukucheka. Ulinishika kidevu, ukaugeuza uso wangu upande wa dirisha.

"Nani amekumwagia majivu?" ukaniuliza. "Kesho baada ya kipindi cha mwisho tunaenda sokoni."

Nilikuja, lakini nilisimama duka la pili nikijifanya natazama vifuniko vya simu. Kutoka pale nilikuona ukizungumza na Sahra kwenye duka lake la vipodozi. Rafu zake zote za mbele zilikuwa na krimu za kujichubua na faundesheni za rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Akakuletea mojawapo.

"Hii ndiyo watu wanabenda," akasema, kwa ile p yake ya Kisomali inayotoka b.

"Mimi siulizi wanachopenda watu. Nataka inayofanana na shingo yangu."

Sahra akacheka, akainama chini ya kaunta, akatoa katoni iliyojaa vumbi. Ndani yake mlikuwa na rangi zetu zote: za kahawa, za tende, za udongo wa mto baada ya mvua. Alikuambia hizo hazitoki, huwa anaziuza kwa bei ya hasara ili apate nafasi. Ulinieleza baadaye kuwa faundesheni ya rangi yetu iliyoko kwenye maduka makubwa ya Nairobi ungeinunua kwa bei ya mbuzi, na hapa ilikuwa ikikaa chini ya kaunta ikisubiri kutupwa. Ulifurahi siku nzima, kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe.

Hukununua haraka. Ulisoma tarehe chini ya kila chupa. Ukajipaka mistari mitatu kwenye taya, ukatoka nje juani, ukaja kusimama kando yangu bila kunisalimia, kana kwamba hatujuani. Tulisubiri. Mstari mmoja ukawa mwekundu kama tofali. Wa pili ulikuwa mzuri mwanzoni, lakini mafuta ya ngozi yalipouingia ukakolea ukawa mweusi kukushinda. Wa tatu ulipotea kabisa, nikawa siuoni tena.

"Huu," ukasema kwa sauti ya chini, ukitazama vifuniko vya simu. "Mimi na wewe tumetoka chungu kimoja. Ukinifaa mimi, unakufaa wewe."

Ukarudi ndani ukanunua chupa ya faundesheni na poda mbili za rangi moja, yako na yangu, zile ngumu zenye kioo kwenye kifuniko.

Kwenye ua wa nyumba yetu pale mtaani Galbet ulinifundisha kama unavyofundisha darasa la kwanza. Nioshe uso kwanza, niache ule mtindo wangu wa kujipaka mafuta ya nazi asubuhi. Faundesheni kidogo tu, pale panapong'aa, si uso mzima. Kisha poda, kwa sifongo. Nilipoanza kusugua ulinipiga kidole.

"Bonyeza, usisugue. Uso si sufuria."

Na jasho likija, nilifyonze kwa karatasi ya shashi, nisipanguse. Nilisoma habari siku iliyofuata, na maoni yote yakawa kuhusu maji ya mto. Mutua alinipa habari za asubuhi pia.

Sasa nifike pale ambapo simu hukatika.

Siku ile kwenye kibanda cha chai chini ya studio, Yunis, mpiga picha wetu, alitafuta chaja ndani ya mkoba wangu akaitoa ile poda. Aliiinua juu, wenzetu watano wakaiona. "Hii ni ya nani?"

Ningeweza kusema ni ya kazi. Wasomaji wa habari dunia nzima wanajipaka. Badala yake nilisema, "Ya dada yangu. Anaficha weusi wake. Si mnajua, hata mchumba hajapata." Wakacheka. Nikacheka nao. Nilipogeuka ulikuwa umesimama nyuma ya benchi. Ulikuwa umekuja kuchukua ufunguo wa nyumba.

Uliwatolea salamu wote, ukamuuliza Yunis hali ya mama yake, ukapokea ufunguo mkononi mwangu, ukaenda. Nilitamani unitukane.

Wiki moja baadaye uliiweka poda mpya juu ya meza yangu. "Ile yako imebaki kidogo," ukasema. "Kesho una habari za gavana, usiende ukiwa unang'aa." Ukaenda kumsaidia hooyo kukoroga unga wa anjera, mikate yetu ya maji. Sikukufuata kukuomba radhi; niliitia poda mkobani. Mwezi haukuisha barua ya uhamisho ikaja, ukapanda basi la Mandera kwenda Banissa.

Abaayo, kwa muda wote huu nilijiambia hukusikia, au ulisikia ukasahau. Kisha mwezi uliopita poda ikaniishia, nikaenda mwenyewe kwa Sahra, nikaingia ndani ya duka. Kulikuwa na wanawake watatu. Akaniuliza, "Ya dada yako?"

"Yangu," nikasema. "Ya kazi."

Hakushangaa. "Najua. Alikuwa akinunua mbili za rangi moja, na uso moja haimalizi boda mbili." Akainama chini ya kaunta. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Mara ya mwisho alichukua moja tu. Nikamuuliza, na yako je? Akasema yeye atakaa hivi hivi, lakini kaka yake ana kazi kesho."

Nilishindwa hata kuhesabu chenji. Kumbe ile poda uliyoniwekea mezani ulikuwa umejinyima yako. Maneno yangu yalikuondoa mbele ya kioo chako, na bado ulikwenda sokoni ukaninunulia mimi, ili nisiaibike mbele ya gavana.

Nimemwambia Yunis ukweli. Nilimwambia pale pale kibandani, na wale wale waliocheka wakiwepo, wote isipokuwa mmoja aliyehamia Wajir. Nilisema poda ilikuwa yangu, dada yangu ndiye aliyenitafutia, na yale niliyoyasema juu yake yalikuwa ya mtu mwoga. Yunis alikoroga chai yake, akasema mama yake bado anakuulizia, kwa sababu siku ile wewe peke yako ndiye uliyekumbuka kuwa anaumwa. Hapo nilielewa kwamba wakati sisi wanaume saba tunakucheka, wewe ulikuwa ukimfikiria mgonjwa.

Mambo yamebadilika kidogo huku. Sahra ameitoa ile katoni chini ya kaunta, rangi zetu ziko rafu ya mbele, karibu na mlango. Anasema walimu na wauguzi wanaulizia, na wasichana wa chuo pia. Bei imepanda kidogo, lakini bado mtu wa kawaida anaiweza. Nimekutumia mbili kwa basi, utaziulizia kwa wakala wa stendi. Ile picha yako na wanafunzi nimeiona, uso wako mtupu unang'aa katikati yao, na ni mzuri. Sikutumii poda ili ujifunike. Ukipenda, jipake. Usipopenda, wape walimu wenzako.

Nimesimama mbele ya kamera muda huu wote kwa sababu ulikubali taya lako liwe mahali pa kujaribia rangi ya uso wangu. Mshahara unaomtunza hooyo umetoka hapo. Vijana weusi wanaonisimamisha barabarani na kusema wanataka kusoma habari kama mimi, wametoka hapo. Sijawahi kukushukuru hata mara moja.

Hooyo alipoona naandika, nikamwambia nakala nitaiweka kwenye ukurasa wa kituo chetu, aliuliza kwa nini nataka barua hii isomwe na watu wengine, mambo ya ndani si yabaki ndani? Nikamwambia: nilimsema mbele ya watu, siwezi kumwomba radhi pembeni.

Nisamehe, abaayo. Na ahsante.

Mdogo wako anayekupenda,
Dahir