Wadudu Wangu Wasiguswe

Nasteha,

Nimeshika basi la Buna, kwa khaalo wako, mdogo wangu aliyejifungua. Chai iko kwenye chupa, anjera nimezifunika. Maji ya kuoshea mchele usiyamwage, uyapeleke kwenye sukuma wiki.

Asubuhi nimegombana na baba yako. Alikuta miche mitatu imekatwa, akawaona wale wadudu wa kijivu wanaojikunja kama gololi chini ya majani makavu, akaja na dawa ya kupuliza. Mimi nikakaa juu ya tuta, na buibui langu safi.

"Sharifo, unapigania wadudu?" akaniuliza.

"Napigania udongo," nikamjibu.

Baba yako alipohamia mtaa huu wa Iftin, palikuwa mchanga mtupu. Wadudu hao ndio waliokula majani yaliyooza na maganda ya papai mpaka yakawa udongo mweusi unaoshika maji. Ni kweli, wakikosa cha kuoza huonja mche mchanga. Basi tuwape majani! Nikafukua kando ya shina lililokatwa, nikamtoa kiwavi mnene, mkata miche mwenyewe, nikamwekea baba yako kiganjani. Akaiweka dawa chini. Samahani hakusema.

~~Mwambie nimeshamsamehe.~~ Usimwambie kitu, mpe chai tu.

Jioni ongeza majani makavu kwenye tuta. Dawa nimeirudisha dukani mwenyewe, na muuzaji nimemwambia asimuuzie nyingine. Akitaka ugomvi, namba yangu anayo.

Hooyo, mama yako