Dagaa Hawaonekani Kutoka Angani

Projest mwanangu, nilikuona. Dokta Mashimba alipoonyesha ile ramani yake ukutani pale chuoni, wewe mhadhiri mwenzake ukainamia simu yako.

"Eneo wazi"! Ufukwe wa Igogo anaoanikia dagaa mama yako mzazi, kauandika ENEO WAZI!

Nikamuuliza, umewahi kufika pale? Akacheka. "Mzee wangu, picha ya setilaiti haidanganyi. Ule ni mchanga mtupu."

Mchanga! Dagaa wameanikwa wanang'aa jua lote, msomi mzima anaona mchanga! Na wanafunzi wake wakacheka naye, kasuku wale.

Mwaka tisini na sita wenzake walikuja na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Wakaandika hivyohivyo, eneo wazi, na ufukwe wa jirani ukapewa mwekezaji wa kiwanda cha minofu ya samaki. Tulisimama pale mimi na wewe. Kina mama walizoa dagaa wabichi kwa kanga huku uzio unajengwa. Umesahau? Mimi sijasahau.

Kesho ramani inakwenda halmashauri, na kuna mwenye hoteli anaingoja, anautaka ufukwe. Bila saini yako haipokelewi, umeniambia mwenyewe.

Usinijibu mimi. Mpigie Mashimba sasa hivi, umwambie hutasaini.