Kilemba Juu ya Nywele za Taufiq

Mkomani, Amu
21 Juni 2025

Mpendwa kakangu Abdulwahid,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Maskati? Joto limewazidi? Na wifi Nasreen, goti lake je? Sisi kwa jumla tu wazima, alhamdulillahi. Salamu nimezitimiza kwa kuwa ni haki yako. Sasa nisikilize, maana nimekasirika.

Mwanangu Taufiq amepigwa bakora ya kichwa. Ilikuwa Jumapili iliyopita baada ya alasiri, kwenye mchezo wa bakora, kirumbizi cha harusi ya Razan, binti wa jirani. Alikuwa akicheza na Husni, mwenzake tangu chuo cha Kurani. Husni hana kosa, na nimemwendea mamake kumwambia hivyo. Kosa ni lako.

Nywele zake unazijua. Hajazikata tangu aanze kazi ya boti Ras Kitau, anazifunga fundo utosini. Marehemu babake hakushika bakora ila awe amenyoa jana yake, kisha kilemba mizunguko mitatu, kimkaze fuvu. Nikamwambia Taufiq anyoe. Akanisikilizisha sauti yako kwenye simu: "Usinyoe, mwana wangu. Nyele nene ni godoro. Muate mamako aseme." Eti niachwe niseme!

Godoro gani, Abdulwahid? Kilemba kilikalia lile fundo kama chungu juu ya figa moja. Bakora ya kwanza ilikigusa tu, kikateleza pamoja na nywele zenyewe hadi machoni. Ya pili hakuiona. Ilimshukia juu ya sikio la kushoto.

Hospitalini, nesi Jepchirchir alikata nywele kwanza ndipo akakipata kidonda, maana damu ilijificha humo. Nyuzi saba. Tangu siku ile sikio hilo halisikii. Daktari asema huenda likarudi, lakini pigo jingine hapo, basi tena.

Na yeye asemaje? Kwamba wakati wa Maulidi atarudi uwanjani, na nywele zilizobaki hanyoi, kwani mjomba alicheza ujana wake wote bila kunyoa. Ulicheza wapi wewe? Najua ulichokuwa ukishika pale uwanjani: viatu vya wenzio! Ningecheka, lau si hili lililonifika.

Miaka yote nimekuachia majigambo yako, hayakumdhuru mtu. Sasa yamempasua mwanangu kichwa. Mimi hanisikizi, nimesema mpaka nimechoka. Mpigie leo hii umwambie kweli, hata kama utaona haya.

Nisalimie wifi na Amini wenu. Mama akusalimu, habari ya sikio hatujamwambia. Mola akuhifadhi ugenini na akupe ulimi wa kweli.

Akipokea simu, mwambie kwanza aiweke sikio la kulia.

Dadako akupendaye pamoja na hasira zake,
Lubna