Pampu Ndani ya Chungu cha Mbegu

Jumamosi. Upepo tangu asubuhi.

Pampu yangu ya pumu haikupotea. Niliificha mimi. Hili sijamwambia mtu.

Tangu nimalize kidato cha nne, nafikiria sana mapafu yangu. Mwezi uliopita muuguzi wa zahanati alinieleza taratibu kwamba ndani ya mapafu kuna neva, na neva hizo huzungumza na seli za kinga. Vumbi likiingia, neva hupiga kelele, seli za kinga huamka na hasira, njia za hewa huvimba. Hofu nayo inaweza kuongeza hizo kelele.

Mimi nikashika neno moja tu: hofu.

Kila wageni wakija na inanibidi kupiga goti niwaamkie wakubwa mmoja mmoja, kifua hubana. Nikajiambia, kumbe ugonjwa wangu ni kuona haya tu. Nikiwa jasiri, neva zitanyamaza. Leo majirani walikuwa wanakuja kutusaidia kupiga alizeti ili mbegu zitoke. Nikaizika pampu kwenye chungu cha mbegu, nikatoka na fimbo yangu.

Nilitoa shikamoo zote bila kukohoa. Shangazi akanitania kuwa leo nimemeza redio. Nilifurahi mno.

Kisha vumbi la alizeti likapanda, na ujasiri wangu haukulizuia hata kidogo.

Pumzi ilinikatika, na mama akapekua nyumba nzima akitafuta pampu. Sauti yangu haikutoka, nikaonyesha chungu kwa kidole. Nilipokwisha kuvuta dawa alinikalisha mbele yake, mgongo wangu kifuani kwake. "Pumua na mimi, mwanangu," alisema. "Polepole." Sijui ni nini kilichozituliza neva zangu, dawa au kifua cha mama. Nadhani dawa kwanza, halafu yeye.

Tatizo ni Neema, mdogo wangu wa miaka minne. Mama aliamini ni yeye aliyechezea pampu, akamgombeza mbele za watu. Neema hakubisha. Alikuja akaniwekea kiganja kifuani, kimejaa vumbi, akasema, "Dada, sitarudia."

Nikalia. Wakadhani bado naumwa.

Kesho, kabla hatujatoka kwenda kanisani, nitamwambia mama mbele ya Neema. Najua kifua kitabana. Safari hii pampu itakuwa mkononi mwangu.

Mpaka hapo, wewe uliyesoma hapa, tafadhali usimwambie mtu. Hasa mama. Nataka alisikie kwangu.