Divai ya misa yenye ilifika ku mess

Komiseria ya polisi, Cité ya Élisabethville, tarehe 19 mwezi wa ine 1938. Mbele yangu, Mwansa Jeannot, karani wa polisi, amefika muntu mwenye kusema hivi:

Jina yangu Ngosa Edouard. Miaka yangu makumi tatu na nane. Niko muchukuzi wa magasin, nyumba ya kuwekea bintu, ku kambi ya askari, ninaikala Cité, nyuma ya soko. Kalaba, sakristani wa kanisa ya kambi mwenye balifunga, eko shemeki yangu: alioa dada yangu Honorine. Ninasema ile mbele, kesho musiseme nilificha.

Ku kambi, Mupe, padri wa askari, hanunuake kintu ku duka. Mishumaa, hostia, divai, yote anaombaka ku magasin, sawa vile banaombaka viatu na chumvi. Mbele ya Pasaka aliomba divai kwa telefone. Nilikuwa pale. Muzungu wa magasin alisikia "messe". Mu Kifaransa messe ni misa. Lakini nyumba kwenye ba-officier, bakubwa ba askari, banakulaka, banaiita mess, na ku masikio iko neno moja. Sisi tunasema misa, hatupoteake. Bazungu beko na neno moja ya Mungu na ya tumbo. Karani, ile usiandike.

Mnamo tarehe 12, saa tatu ya asubuhi, muzungu alinionyesha sanduku: "Peleka ku mess." Nilimuuliza: "Bwana, ku misa ao ku mess?" Akasema: "Mess! Uko kiziwi?" Nilibeba. Mupishi Désiré alipokea, akacheka: "Leo bakubwa batalala vizuri." Juma yote balikunywa, niliona na macho yangu.

Pasaka ikafika, Mupe hana divai. Muzungu akasema divai ilishatoka ku magasin, na Kalaba njo mwenye anachukuaka bintu ya kanisa. Askari balienda ku nyumba ya Kalaba, balikuta chupa moja ya divai, ndani mafuta ya ngazi, yale mekundu ya kupikia. Mama yee! Ile chupa Honorine aliiokota ku jalala ya mess. Bamama bote ba kambi banaokotaka chupa pale. Na Kalaba, hata munkoyo, kinywaji ya mahindi, yenye imelala siku mbili ikakuwa kali, hakunywake.

Hii habari ninaisema mara ya tatu. Nilisema kwa serja wa kambi, akanifukuza. Nilisema kwa Mupe, akainamisha kichwa, akasema atasali. Nimechoka, karani. Niko na kasirani, lakini hata kasirani imechoka. Balisema Kalaba atapigwa fimbo na atafukuzwa kazi. Akifukuzwa, nyumba ya kambi imepotea, na dada yangu eko na mimba ya miezi munane. Muite Désiré. Muulize ba-officier balikunywa nini ile juma. Ninaomba ile tu.

Nimemaliza. Ile nimesema njo ile niliona, ingine sina.

(Kidole ya Ngosa Edouard)

Maneno ya karani: Nimemusomea shahidi, amekubali. Komisere amesema ba-officier habataitwa. Kisha telefone ilitoka kambi: Kalaba alishapigwa fimbo leo saa kumi na mbili ya asubuhi, na nyumba imepewa muntu mwingine. Nilimwambia shahidi. Aliomba nimurudishie karatasi. Nilimujibu karatasi ni ya serikali. Akauliza dada yake balimupeleka wapi. Telefone haikusema.

Mwansa Jeannot