Baba Kwenye Ngitili

Jumatatu, 8 Septemba

Uji, dawa, viatu. Viatu Baba hataki. Kila asubuhi ugomvi ni uleule na kila asubuhi nashindwa mimi. Leo nimemwacha peku, tukaenda ngitili, malisho ya akiba ya kitongoji.

Si msitu wa kujivunia. Migunga, mikwaju michache, vichaka, majabali makubwa katikati, nyasi zimefika kiunoni. Ukipanda juu ya jabali unaliona ziwa kwa mbali. Kila kaya ya kitongoji ina haki humo. Tangu mvua zilipoanza imefungwa: mtu kupita kwa miguu ruksa, ng'ombe marufuku, mpaka wenye kaya wakutane waseme imefunguliwa. Huku nje nyasi hakuna, ng'ombe mbavu zinahesabika, na bado hakuna anayethubutu kuingiza hata ndama.

Masanja kapiga simu. Kaka yangu haulizi kama Baba hajambo. Anauliza, "Yupo?" Sharti lake nalijua kwa moyo: akipotea hata mara moja, anarudi mjini kwake Kiseke, chumba cha uani. Kile chumba kimeshatiwa komeo kwa nje, na kufuli. Nimeliona mwenyewe, jipya, linang'aa.

Simlaumu sana. Juzi juzi tu Baba aliokotwa katikati ya barabara kuu, malori yanapiga honi, yeye anaswaga ng'ombe ambao hakuna mwingine anayewaona. Masanja alitetemeka siku mbili. Lakini kufuli, jamani! Baba yangu si mbuzi. Ndiyo maana nimefunga cherehani yangu pale mjini, Mirongo, wateja wamenuna, nikamleta hapa Misungwi alikozaliwa, kwa mdogo wake, shangazi Nkwimba.

Lazima nifaulu. Sina mpango mwingine.

Jumanne, 9 Septemba

Leo mzuri. Amekula viazi na maziwa, akaomba tena.

Kule ngitili anakuwa mtu mwingine. Mgongo unanyooka. Anaongea Kisukuma kitupu, haraka, hadi nabaki nyuma. Anawaita mafahali kwa majina yao, wote wa zamani, wamekufa kabla mimi sijazaliwa. Miaka yote ya kuendesha lori la pamba imefutika. Ukimtajia lori anakutazama tu. Mimi ananiita Nkwimba.

Nimeona wivu. Naandika hivyo hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Fahali aliyekufa anakumbukwa jina, mimi niliyemuogesha asubuhi sikumbukwi. Nimemwambia shangazi, akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe Kabula, unashindana na ng'ombe?"

Ndiyo, nashindana.

Alhamisi, 11 Septemba

Siipendi siku ya leo.

Tulikuwa kwenye majabali. Kwa mbali nikasikia filimbi, kisha sauti ya Mzee Luhende akifokea mtu. Luhende ndiye mlinzi wa ngitili. Mwembamba, filimbi shingoni, hasira karibu. Watu wanamsumbua afungue mapema na yeye hataki kusikia habari hiyo mpaka kikao kikae.

Baba kusikia sauti, kanivuta nyuma ya jiwe. Kaniziba mdomo na kiganja chake. Nguvu alizonazo sikuzitegemea. Moyo wake ulikuwa unadunda, nausikia mgongoni kwangu. Tukakaa hivyo mpaka sauti ikapotea. Alipoachia alininong'oneza, "Wakituona tumekwisha. Tuwatoe ng'ombe." Nikadhani ni mchezo wake mwingine. Nikamwambia haya, tumewatoa.

Nilimwogopa. Mara ya kwanza maishani namwogopa baba yangu.

Masanja: "Yupo?" Nikasema yuko poa kabisa. Uongo mtupu.

Ijumaa, 12 Septemba

Alfajiri nimemkuta kwenye zizi la shangazi, ameshatoa miti miwili ya lango. Ng'ombe wamesimama wanamshangaa. Sekunde chache zaidi wangekuwa njiani, na njia ile inaishia ngitili. Faini yake ni ng'ombe mzima, na kama shangazi angebisha, angetengwa: hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumsaidia hata akifiwa. Mjane, peke yake.

Nimefoka. Nimemwambia, "Ng'ombe wako wameisha, Baba! Wamekufa! Wewe ni mzee!" Kwa sauti ya kumfokea mtoto.

Akalia. Bila kelele, machozi tu, kasimama na ule mti mkononi. Shangazi kanitazama jicho baya, akamchukua ndani. Hajaniongelesha hadi sasa, na ana haki.

Leo nalala mlangoni, mkeka nimeutandika kizingitini. Akitaka kutoka anikanyage.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilienda kisimani. Nilijua yuko na shangazi. Shangazi alikuwa shambani nyuma ya nyumba, akajua yuko na mimi. Niliporudi, viatu vipo mlangoni. Fimbo haipo. Baba hayupo.

Zizini hayupo. Kwa jirani hayupo. Niliita mpaka koo likakauka. Shangazi hakungoja, akapiga mwano, lile yowe la Kisukuma la kuomba msaada ambalo mwanaume akilisikia anaacha ugali mkononi. Wakaja. Jamani walikuja! Kila kaya, wazee kwa vijana, na fimbo, na filimbi, mmoja na debe analigonga. Luhende akawagawa makundi, wakaingia ngitili kila upande wakimwita kwa jina. Msitu mzima ukawa jina la baba yangu.

Jua likapanda. Hakuna kitu. Jua likaanza kushuka. Hakuna kitu. Hana maji, hana viatu, hajanywa dawa. Mle ndani kuna mashimo na kuna nyoka. Nilianza kuwaza mambo ambayo siyaandiki. Nilimwona Masanja kichwani, na lile kufuli, na nikawaza, heri angekuwa ndani ya chumba kile. Niliwaza hivyo kweli. Nikajichukia.

Ndipo akaja bwana mmoja anahema. Amemwona! Karibu na mikwaju. Amemwita vizuri tu, "Mzee, njoo nyumbani," na mzee akakimbia.

Wakacheka wachache. Mtu wa umri ule akimbie? Mimi sikucheka. Nilikisikia tena kile kiganja mdomoni. Wakituona tumekwisha.

Yule si mzee aliyepotea. Yule ni mtoto mchungaji aliyeingiza ng'ombe wa baba yake kwenye ngitili iliyofungwa, na sasa kitongoji kizima kimetoka na fimbo kinamtafuta kwa jina. Kila tukiita, anaingia ndani zaidi. Tulikuwa tunamfukuza! Tangu asubuhi tunamfukuza sisi wenyewe.

Nikamkimbilia Luhende. Nikamwambia waache kelele. Akanikazia macho: wewe wa mjini, tunaokoa mzazi wako unatuambia tunyamaze? Shangazi akaingilia. Akasema ni kweli. Akasema wakiwa wadogo kaka yake huyu aliwahi kukamatwa humu humu, baba yao akatozwa fahali wake mkubwa, na kipigo alichokipata siku ile hakuna aliyekisahau. Hajawahi kunisimulia. Luhende akapuliza filimbi, kimya kikaenea.

Nikasema, basi mtangazie imefunguliwa. Hatatoka mpaka asikie imefunguliwa.

Akakataa palepale. "Neno hilo halisemwi kwa utani. Nikilisema limesemwa. Watu wana ng'ombe wenye njaa, kesho wote wamo ndani, na kikao hakijakaa."

Nikapiga magoti. Mimi na miaka yangu hii, kwenye miiba. Nikamwambia usiku ukimkuta humu simpati tena. Akawa anaangalia pembeni. Nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

Shangazi ndiye aliyeuliza, taratibu tu, kikao ni akina nani. Wenye kaya. Na wenye kaya wako wapi? Luhende akageuka, akawaangalia. Wote walikuwa pale. Walikuja kwa ule mwano wenyewe, hakuna kaya iliyobaki nyumbani.

Basi kikao kikakaa kwa kusimama, katikati ya nyasi, watu jasho linawatoka. Luhende akauliza nani anapinga. Mmoja akapinga, hawakosekani, akasema ingesubiri mwezi uandame. Mkewe alikuwepo. Sikusikia alichomwambia, ila hakupinga tena.

Luhende akapanda jabali. Akatangaza kwa Kisukuma, kwa sauti ya kazi hiyo, polepole, kwamba ngitili imefunguliwa, kila mwenye ng'ombe aingize, hakuna wa kukamatwa. Akarudia kwa kila upande. Kisha tukakaa chini. Wote. Hakuna aliyeongea. Jua lilikuwa limekaa juu ya ziwa na mimi nalitazama nikiliomba lisitelemke.

Alitoka tusikokutegemea, nyuma yetu. Kanyooka, fimbo begani, miguu inavuja damu, anapiga mluzi wa kuswaga. Akasimama mara moja kusubiri mmoja aliyebaki nyuma, akampigia ulimi, akaendelea. Wanaume wakampisha njia, yeye na ng'ombe wake. Alipofika kwa Luhende, ambaye kwa umri ni mdogo wake kwa mbali, akainama kama kijana na kumwamkia. Luhende akaitikia. Uso wake haukucheka hata kidogo. Akamuuliza kama ng'ombe wameshiba.

Nililia mbele za watu kama mfiwa.

Sasa amelala. Nimemwosha miguu, nimetoa miiba. Masanja ameshajua, kuna mtu kampigia. Ameniambia neno moja tu: "Kesho."

Jumapili, 14 Septemba

Masanja alifika watu wakiwa kanisani. Gari safi, shati la kupiga pasi. Hakunisalimia. Akaenda moja kwa moja kufungasha nguo za Baba, anazisukumia ndani ya begi bila hata kukunja. Nikamwambia mpunguzie ukali, akasema, "Ulipewa sharti moja, Kabula. Moja." Kweli.

Baba hakuwa nyumbani. Alikuwa ngitili na shangazi. Tangu alfajiri kitongoji kizima kimeingiza ng'ombe, nyasi zinasikika zikikatwa na meno yao. Masanja akatembea mbele, ufunguo wa gari mkononi, mimi nyuma kama mshtakiwa.

Masanja amefanana na marehemu babu. Kila mtu humu husema. Kimo, mabega, hata kile kikohozi cha hasira kabla hajaanza kuongea. Baba alisikia kikohozi, akageuka. Fimbo ikamdondoka. Akapiga magoti mbele ya mwanaye, mikono imefunika kichwa, akasema kwa Kisukuma, sauti nyembamba: "Baba, usinichape. Wameingia wenyewe. Usinichape, baba."

Sijawahi kuona uso wa kaka yangu ukibomoka. Alibaki amesimama. Nilitaka kusema kitu, shangazi akanishika mkono. Ng'ombe mmoja akapita katikati yetu akila.

Masanja hajaongea Kisukuma tangu aende bweni. Alikitafuta. Kilikuja kimevunjika vunjika: "Sikuchapi. Imefunguliwa. Nenda... nenda kachunge."

Baba akatoa mikono kichwani. Akamchungulia kuhakikisha. Akaokota fimbo, akaenda, na kila hatua chache anageuka kuangalia kama anafuatwa.

Masanja alikaa ndani ya gari, vioo vimefungwa, muda mrefu. Nilimpelekea chai, akaipokea bila kuniangalia. Kisha akatoa begi kwenye buti, akaliweka mlangoni mwa shangazi. Akasema, "Mpaka mvua." Mvua zikianza watu wanalima na ngitili inafungwa tena. Nikauliza, halafu? Akasema hajui. Akawasha gari.

Nilidhani nitafurahi. Nimechoka tu.

Jumatano, 17 Septemba

Uji, dawa. Viatu nimeshaacha kuuliza.

Hali ya hewa nzuri, upepo wa ziwani. Nimechukua nguo ya mteja niipinde kwa mkono, nikakaa kivulini kwenye migunga. Ng'ombe kila mahali. Baba yumo katikati yao, anatembea nao, wanamzoea. Wachungaji wengine wamempangia upande wake, akipitiliza wanampigia mluzi naye anarudi. Hakuna anayemwita kwa jina.

Masanja hakupiga simu leo. Jana alipiga, akauliza Baba amekula nini.

Mchana Baba alikuja kukaa karibu nami. Alitazama ninavyoshona. Akaniuliza, kwa adabu, kama unavyomuuliza mgeni, mimi ni binti wa nani. Sindano ilinichoma. Nikamtajia jina lake, lote, na la baba yake.

Akafikiri. Uso ukamfunguka.

"Huyo namfahamu," akasema. "Tunachunga wote."

Kisha akanyanyuka, kuna ng'ombe alikuwa anaelekea kwenye mawe.