Kilio cha Kwa Eusebio

Jumapili, 8 Aprili 1951

Leo mama mkwe katuaibisha, na mimi nimecheka mpaka nikajifunika uso kwa kaniki. Mjane anacheka. Mungu anisamehe.

Ilikuwa hivi. Baada ya magharibi tumekaa ndani, kimya, kama tunavyokaa tangu mume wangu Saburi afe. Mara kwa jirani, kwa Eusebio mpishi wa klabu ya Wazungu, mwanamke akaanza kulia. Sauti kali — inapanda, inashuka, inapanda tena. Mama mkwe akasimama. Akasema kwa Kimwera: kule wamefiwa. Nikamwambia, mama, mbona nasikia kama na fidla? Akasema nisiwe mbishi, mtu akilia vile kafiwa na mtoto. Akatia unga kwenye kikapu, akamkamata yule tetea mweusi, akajitanda, akaenda kutoa pole.

Mimi sitoki, niko eda. Nikachungulia kwenye ua wa mabua.

Kafika mlangoni kwao, kakaa chini, kaanza kulia na yeye. Mama Andrea, mke wa Eusebio, katoka na mwiko mkononi, haelewi. Kumbe redio! Skimu ya karanga inakufa, Wazungu wanafunga mizigo na kuuza vitu, na Eusebio kapata redio na betri ya gari. Jumapili jioni Nairobi wanaweka muziki wa kizungu. Huyo aliyekuwa analia anaimba tu.

Kuku karudi, unga umerudi. Mama mkwe kasema nikicheka tena atanirudisha kwetu. Laiti angefanya hivyo.

Alhamisi, 12 Aprili

Chumba, ukumbi, ua wa nyuma. Basi. Kesho tena chumba, ukumbi, ua wa nyuma. Sijipaki mafuta yenye harufu, sijipaki wanja, sisemi na mwanaume asiye ndugu. Saburi nilimpenda, sikatai, na tangu mti umwangukie akiwa juu ya katapila la Skimu sijalala vizuri hata siku moja. Lakini aliyekufa ni yeye. Kwa nini nazikwa na mimi?

Nyumba ni ya Skimu. Wametuachia mpaka eda iishe. Baada ya hapo sijui.

Jumapili, 15 Aprili

Nimeingoja redio tangu asubuhi, nasema kweli. Leo kinanda peke yake, hakuna mtu wa kuimba. Nilikuwa napembua mchele, nikajikuta mikono imesimama. Mahali fulani kinanda kilikuwa kinarudia palepale, palepale, halafu kikatoka. Kilipotoka nikalia. Sijui kwa nini pale.

Mama mkwe kaniona. Kasogeza mkeka wake karibu na ua.

Jumapili, 22 Aprili

Leo opera nzima. Ndivyo inavyoitwa, opera. Eusebio anajua kwa sababu Wazungu wanaizungumza klabuni huku yeye anagawa supu. Kusema na mimi haruhusiwi, kwa hiyo anamwambia mkewe, mkewe anatuambia juu ya ua, mimi namwambia mama mkwe kwa Kimwera pale Kiswahili kinapomshinda. Hadithi inamfikia imechakaa kabisa.

Mwanamke kafungiwa ghorofani na ami yake. Ami anataka kumwoza kwa mzee mmoja. Mwanamke anaimba. Ami anaimba. Mzee naye anaimba. Badala ya kukimbia, wanaimba! Mwisho kanywa sumu, na bado kaimba — Mama Andrea kaenda kuepua maharage, karudi, hajafa.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana ile sauti ilikuwa kweli. Mtu ambaye hajafungiwa hawezi kulia vile.

Mama mkwe hakucheka tangu mwanzo. Kauliza: nyumba hiyo haikuwa na mwanamke mtu mzima? Swali likapita juu ya ua. Jibu likarudi: yuko mmoja, bibi mzee, ila hajapewa cha kuimba.

Mama mkwe kasonya. Kaingia ndani kulala bila kula.

Jumatano, 25 Aprili

Kaja Kaimu kutoka Ruangwa. Huyu ni kaka wa Saburi kwa baba. Mama yake alikuwa mke mwenza wa mama mkwe. Kakaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia. Shemeji usiwe na wasiwasi, kasema, eda ikiisha tu, kabla hatujaanza kufunga Ramadhani, wewe ni wangu. Anao wake wawili. Shamba la ufuta limemshinda, ndio maana. Na kaka yangu Isihaka amekwisha kubali. Kakubali yeye! Hata kuniuliza hakuniuliza.

Isihaka kaagiza maneno pia: nikikataa, nisikanyage kwake.

Mama mkwe kamkaangia mgeni mayai. Niliudhika naye sana leo.

Jumapili, 6 Mei

Muziki wa fidla nyingi pamoja. Nimesikiliza nusu tu, kwa sababu Mama Andrea kaniita uani, kaninong'oneza. Dada yake anafanya kazi hospitali ya masista, Mnero. Wanatafuta wanawake wa kuwafundisha kazi ya wodi, waliosoma kidogo kama mimi. Mwislamu wanampokea, mjane wanampokea. Lori la misheni huja sokoni Jumanne.

Eda inaisha Jumatatu ya tarehe ishirini na nane. Jumanne yake naweza kuwa ndani ya lori.

Sijamwambia mama mkwe. Ataniuliza: na mimi unaniacha na nani? Mtoto wake wa pekee alikuwa Saburi. Nikienda Mnero atachukuliwa na Kaimu, atawalelea watoto wa mtoto wa mke mwenzie mpaka afe. Najua hilo. Nitakwenda hata hivyo.

Jumapili, 20 Mei

Mwalimu Mohamedi wa chuo cha Kurani ataniuliza mbele ya watu kama namtaka Kaimu, ndiyo sheria, mjane huulizwa mwenyewe. Nimejizoeza. Sitaki. Sitaki, Mwalimu. Nasema chini chini redio ikilia, ili nisisikike. Leo kulikuwa na mwanaume mwenye sauti nzito sana, kanifaa.

Mama mkwe alikuwa ananitazama mdomo. Sidhani kaelewa.

Jumapili, 27 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wamekuja jioni, Kaimu, Isihaka na Mwalimu Mohamedi. Walitaka jibu leo, ili kesho nikioga kutoka eda, yaishe yote kwa pamoja. Mimi nyuma ya pazia, mama mkwe kakaa kwenye mkeka kati yao na mimi. Kwa Eusebio redio imewaka, mwanamke anaimba. Kaimu kauliza, jirani kuna msiba? Mama mkwe kamjibu: ni muziki. Tulia.

Mwalimu kaanza. Kaniita jina langu kamili. Kasema, Mwanaima, ndugu zako wamesema yao, sasa tunataka kusikia lako. Nikavuta pumzi. Neno lilikuwa mdomoni, naapa, lilikuwa limekwisha fika kwenye meno.

Mama mkwe kasema: msimuulize. Ana mzigo wa mwanangu.

Yule wa redio tu ndiye anaendelea.

Sina mimba. Nguo zangu za mwezi anafua yeye! Anajua kuliko mtu yeyote. Mwalimu kauliza, ni kweli? Ningefanya nini? Niseme hapana? Nimwite mama wa Saburi mwongo mbele ya Mwalimu, mbele ya mtoto wa mke mwenzie? Nilinyamaza. Nao wakachukua kunyamaza kwangu kuwa aibu ya mwanamke.

Mwalimu kasema basi, mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue. Hakuna ndoa, hakuna kutoka. Kaimu kaondoka bila kumaliza chai.

Walipotoka mama mkwe kanigeukia. Alikuwa anatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu Januari. Kasema, umeona? Nimekufungulia. Nikaangua kilio, naye kadhani ni furaha.

Jumanne, 29 Mei

Lori la Mnero limekuja. Nimelisikia likipiga honi sokoni. Limekwenda.

Jumatano, 30 Mei

Jana usiku nilimwambia yote: Mnero, masista, neno nililokuwa nalo mdomoni. Kasikiliza. Kaniuliza, kwa nini hukuniambia? Nikamuuliza, na wewe kwa nini hukuniambia?

Nikamwambia, mama, twende kwa Mwalimu tuseme tumekosea. Wanawake hukosea hesabu. Kasema tusiwe na haraka.

Ijumaa, 1 Juni

Kaimu si mjinga. Kaleta habari: atamleta Bi Fatu, mkunga wa Ruponda, anipime tumbo. Skimu nao wamekubali tubaki kwenye nyumba, kwa ajili ya mtoto wa marehemu. Karani kaja mwenyewe kutuambia, kavua kofia. Kila mtu ana huruma na sisi. Kila mwenye huruma anaongeza komeo.

Mama mkwe kanipikia uji wa ufuta. Nikasema nimeshiba. Kasema, kunywa, si wewe peke yako. Nilimtazama. Tulikuwa wawili tu mle ndani, hapakuwa na wa kumdanganya.

Jumapili, 3 Juni

Bi Fatu anakuja kesho.

Mchana nimemwambia waziwazi: mama, akiniwekea mikono tu atajua. Kesho saa hizi tutakuwa tumeaibika Nachingwea nzima. Anashona. Nguo nyeupe ndogo, kakata shuka la Saburi. Kasema Bi Fatu macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na mtoto wa kwanza hujificha. Kasema Saburi naye alijificha.

Jioni redio ikawaka. Leo ni yule mwanamke tena, sauti ileile, nikaenda kukaa karibu na ua. Nilitaka hiyo tu, wiki nzima nilitaka hiyo tu.

Mama mkwe katoka mbio. Kamwita Eusebio kwa sauti, yeye ambaye huona haya kusema Kiswahili mbele ya watu. Kamwambia azime. Kilio kibaya, kasema, mtoto anasikia, atazaliwa mnyonge. Eusebio kaomba radhi. Kazima.

Kaja kukaa kando yangu kwenye mkeka. Kaweka mkono tumboni kwangu, anangoja. Halafu kaniambia, nyamaza, usitikisike — kacheza.

Sijautoa mkono wake. Bado uko hapa, nami naandika.